Laptopu ya nyumbani inashindwa kusajili jina kwa DNS kila ikiwashwa, na printa nayo haipatikani. Nisaidieni

Mwalimu_Kiamunyi

Hamjambo wadau. Niko Nakuru pande za Kiamunyi, na hapa nyumbani tuko na mashine mbili, desktopu ya zamani ya Windows 10 yenye natumia kuchapa karatasi za tuisheni, na laptopu ya Windows 11 mzee alinunua hapo tauni, ni zile za ex-UK, imetumika lakini bado ina nguvu. Printa ni ya wifi. Intaneti ni ya faiba, kisanduku chao kiko sebuleni, halafu juu wifi haikuwa inafika chumba cha nyuma mahali nafanyia kazi tukanunua rauta ingine, ikavutiwa waya kutoka kwa hicho kisanduku.

Sasa shida. Laptopu leo inapata printa, kesho inakataa, inasema iko offline na printa iko tu hapo inawaka taa. Nikaamua kuchungulia Event Viewer, kuna mtu alinionyesha hapo ndipo Windows huandika maneno yake yote ya siri, na nikapata maonyo ya manjano mengi ajabu ya DNS Client Events (DNS ni ile inageuza majina kuwa namba za mtandao), namba 8015, yanasema mfumo umeshindwa kusajili rekodi za A au AAAA, zile za kufunga jina na namba, za kadi ya wifi. Yanakuja nikiwasha, na stima ikipotea halafu irudi yanaongezeka. Ukifungua moja ndani kuna jina la laptopu, seva ya DNS ni 192.168.0.1 ambayo ni ile rauta ya nyuma, na sababu yenyewe ni ati ombi lilitumwa kwa seva likakaa bila jibu mpaka muda ukaisha. Kuna onyo lingine la mambo ya PTR, na hapo kwa "Sent update to server" imeandikwa 192.175.48.1. Hiyo si namba ya nyumba yangu! Nikaitafuta nikaona inaitwa prisoner.iana.org na hapo ndio nikaingiwa na baridi, kwani hii laptopu inaongea na nani usiku?

Nimeshapiga ipconfig /flushdns na ipconfig /registerdns. Hiyo ya pili inajibu vizuri sana, ati usajili umeanza na makosa yakitokea yataonekana kwa Event Viewer baada ya dakika 15, na kweli yanaonekana lol. Desktopu nayo haina onyo hata moja la hiyo aina. Intaneti iko sawa kote. Ni virusi ama ni rauta?

jamaa_section58

Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwa setingi za adapta, restati, kwisha. Mimi mashine yoyote nikiipata hiyo ndio kitu ya kwanza.

Busia_Boda2Boda

Madam hiyo ni virusi, IP ya nje inaitwa prisoner na bado unauliza? Piga format uanze upya.

WayaNaKebo_KSM

Mwalimu usifomati kitu kwanza, na 8.8.8.8 pia iweke kando, nitasema kwa nini.

Wengi wakisikia DNS wanafikiria ni ile kazi ya kuuliza tu, unaandika jina la tovuti unapewa namba. Hiyo kazi kwako iko sawa, ndio maana intaneti haina shida. Lakini kuna kazi ya pili, ya mashine yenyewe kwenda kwa seva ya DNS na kusema mimi naitwa hivi, namba yangu ni hii, niandike kwa kitabu. Hiyo inaitwa dynamic update, iko kwa RFC 2136 ya 1997 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), na Windows huifanya juu kwa maofisi kuna seva za Active Directory, za kusimamia mashine na akaunti za ofisi, ambazo zinaitegemea kabisa. Mashine inajaribu ikiwaka, ikipewa anwani na DHCP (ile kazi ya rauta ya kugawa anwani), na hata ikikaa tu bila kuzimwa inarudia kila saa 24. Ndio unaona stima ikirudi maonyo yanaongezeka, rauta zimewaka upya, laptopu imepewa anwani tena, inaanza kujisajili tena.

Sasa rauta ya nyumbani haina hicho kitabu. Ni mlinzi wa geti, ukiuliza nyumba ya fulani atakuelekeza, lakini ukimwambia akuandikishie kitambulisho atakuangalia tu. Na Google pia hawezi kukuandikisha, kwa hivyo kubadilisha kwenda 8.8.8.8 haiondoi hilo onyo, labda libadilishe tu namba zilizo ndani yake.

Kuhusu prisoner tulia kabisa. Anwani za 192.168 ni za ndani, zilitengwa kwa RFC 1918 mwaka 1996, nyumba nyingi duniani zinatumia zilezile, kwa hivyo hakuna mtu kwa intaneti anaweza kujibu ati 192.168.0.14 ni ya nani. Lakini mashine zinauliza tu, na zinajaribu kujisajili kinyume, hiyo ndio PTR, namba kwenda kwa jina. Takataka zote hizo zingekuwa zinaangukia seva kuu za DNS, ndio wakatengeneza mradi unaitwa AS112, seva zimetawanywa dunia nzima na watu na mashirika ya kujitolea, kazi yao ni kumeza hayo maswali na kujibu hapana. Prisoner.iana.org ni mojawapo, na ina ndugu wawili blackhole-1 na blackhole-2 kwa .6 na .42 za mtandao huohuo. Hakuna mtu anakuchungulia huko.

Chenye kinanishangaza ni desktopu kuwa safi. Windows ya nyumbani ambayo haina domeni, yaani haijaungwa na mtandao wa ofisi, kwa kawaida haina sababu ya kujisumbua hivyo, lazima laptopu iko na kitu kinaifanya idhani iko ofisini. Fungua cmd uandike ipconfig /all, uangalie juu kabisa mstari wa Primary Dns Suffix (mkia unaoongezwa kwa jina la mashine), halafu chini kwa wifi Connection-specific DNS Suffix. Utuambie kuna nini, ukificha jina kama ni la mtu.

Mwalimu_Kiamunyi

Asante sana Waya. Nimeangalia. Desktopu hapo kwa Primary Dns Suffix pako wazi kabisa. Laptopu imeandikwa jina la kampuni fulani inaishia na .co.uk!! Sijawahi kuisikia. Ile ya connection-specific iko wazi kwa zote mbili.

Mulembe_IT

Mulembe mwalimu. Hapo umeshika samaki, niko Kakamega na hizo laptopu za ex-UK zinapita mikononi mwangu sana. Kampuni huko ikibadilisha mashine inaziuza kwa mafungu, zinafutwa diski, lakini si zote zinafutwa vizuri, na zingine fundi wa huku anaongeza tu akaunti mpya juu ya Windows ileile, anabandika picha mpya kwa skrini, anauza. Domeni imetolewa lakini ile suffix imebaki kwa jina la kompyuta.

Sasa uone venye inaenda. Laptopu yako ikiwaka jina lake kamili ni jina-lake.kampuni.co.uk. Inauliza DNS, mkubwa wa zoni ya kampuni.co.uk, yaani seva ya majina yake yote, ni nani? Swali linapita kwa rauta yako linaenda mpaka nje na linajibiwa, juu hiyo kampuni iko kweli na tovuti yake iko. Ikishapewa jina la seva kubwa, laptopu iliyo Kiamunyi inabisha kwa mlango wa kampuni ya Uingereza inasema niandikeni, niko 192.168.0.14. Seva huko inanyamaza. Muda unaisha, 8015. Halafu inageukia PTR ya 192.168, inaelekezwa kwa prisoner, inakataliwa. Maonyo yako mawili yametoka kwa kitu kimoja.

Kabla hujagusa kitu hakikisha mashine kweli si ya wenyewe. Andika dsregcmd /status kwa cmd, angalia AzureAdJoined na DomainJoined (zinaonyesha kama mashine bado imeungwa na kampuni), zote zinafaa kuwa NO. Moja ikiwa YES usiendelee na hizi dawa ndogo ndogo, rudisha kwa mwenye duka, juu hiyo kampuni bado inaweza kuwa na mkono ndani yake, na hata ukifomati inaweza kurudi kuuliza akaunti yao kwa skrini ya kwanza.

Ikiwa NO zote, bonyeza Windows+R uandike sysdm.cpl, hapo kwa Computer Name bonyeza Change, halafu More, utaona kisanduku cha Primary DNS suffix of this computer. Futa hilo jina, acha wazi, OK, itaitisha restati. Ukiwa hapo badilisha na jina la mashine yenyewe, zile za ofisi huwa ni herufi na namba za ajabu.

jamaa_section58

Lakini kwani si angetoa tu tiki ya register na aendelee na maisha? Hii yote ya nini

Mulembe_IT

Anaweza, na mimi ningetoa pia. Lakini tiki pekee inanyamazisha kelele na jina la kampuni linabaki, na jina likibaki kila ukiandika jina fupi kwa mtandao, mfano unatafuta "printa", Windows inaliongezea hiyo suffix na kuuliza printa.kampuni.co.uk kwanza. Inapoteza muda na inatangaza majina ya vitu vya nyumba yako kwa seva za watu. Toa yote mawili.

WayaNaKebo_KSM

Nakubali. Hiyo tiki kwa wenye hawaijui: ncpa.cpl, bonyeza-kulia kwa wifi, Properties, Internet Protocol Version 4, Properties tena, Advanced, kichupo cha DNS, chini kuna "Register this connection's addresses in DNS", toa. Ukiwa na mashine nyingi PowerShell ni haraka, fungua kama Administrator:

Set-DnsClient -InterfaceAlias "Wi-Fi" -RegisterThisConnectionsAddress $false

na Get-DnsClient itakuonyesha kama imeshika. Ukitumia waya pia, ifanyie na Ethernet, kila kadi iko na tiki yake.

Na kuna watu watakuambia uzime huduma ya DNS Client kabisa. Usijaribu, hiyo ndiyo inakumbuka majibu ya DNS kwa mashine nzima, na kwa Windows za siku hizi kwanza kitufe cha kuizima kimefifizwa.

Sasa printa. Mwalimu hiyo ni shida ingine kabisa, haihusiani na 8015 hata kidogo, zimekutana tu kwa nyumba moja. Nyumbani printa haitafutwi kwa seva ya DNS, inatafutwa kwa kupiga kelele: laptopu inatuma tangazo kwa mtandao wa ndani, mDNS kwa 224.0.0.251 bandari 5353, na yenye jina hilo inajibu. Hilo tangazo halivuki rauta. Na wewe uko na rauta mbili. Nakisia kisanduku cha faiba kinagawa anwani zake na rauta ya nyuma inagawa za 192.168.0, ni mitandao miwili tofauti imepandana. Laptopu ikishika wifi ya sebuleni na printa iko kwa wifi ya nyuma, haziwezi kusikiana hata zikae meza moja. Wifi zote mbili zimepewa jina moja?

Mwalimu_Kiamunyi

Eeh zina jina moja na paswadi moja, aliyeweka alisema ndio usisumbuke kubadilisha ukitembea ndani ya nyumba. Na kweli kisanduku cha mbele ni 192.168.100.1.

dsregcmd imesema NO zote mbili, asante Mulembe. Suffix nimefuta na tiki nimetoa. Mzee ameniuliza kama hiyo kampuni ilikuwa inaona mambo yetu.

Mulembe_IT

Mwambie mzee alale vizuri. Kama seva yao inaandika rekodi, walichoona ni ombi limetoka kwa IP ya Kenya, ndani kuna jina la laptopu na namba ya 192.168 ambayo haiwasaidii chochote. Faili na barua pepe hazikuenda na hilo ombi.

Lakini kama mashine ni ya kazi, mimi ningeweka Windows upya kwa flashi siku moja ukiwa na nafasi. Sisemi hivyo juu ya DNS. Huwezi jua fundi wa hapo kati alibakisha nini, na leseni huwa inarudi yenyewe ukishika intaneti kama ilikuwa ya halali kwa hiyo mashine, inafungwa na bodi yenyewe.

WayaNaKebo_KSM

Jina moja kwa rauta mbili zenye mitandao tofauti, ndio hiyo leo inapatikana kesho haipatikani. Laptopu inachagua yenye nguvu wakati huo, hujui imeshika gani.

Dawa ni rauta ya nyuma iache kuwa rauta, iwe ya kurusha wifi tu. Ingia kwa 192.168.0.1, tafuta modi ya Access Point, nyingi za kununua ziko nayo, iwashe itajirestati na ndio hiyo. Kama haina hiyo modi, ifanye kwa mkono: mpe rauta ya nyuma anwani 192.168.100.2, zima DHCP yake, halafu toa waya kwa tundu la WAN (la kuingiza intaneti) uchomeke kwa tundu la kawaida la LAN. Fuata hiyo mpangilio, anwani kwanza na DHCP kabla ya kuhamisha waya, la sivyo nyumba itakuwa na wagawaji wawili wa anwani na utanikasirikia.

Angalia 192.168.100.2 haiko ndani ya zile kisanduku cha mbele kinagawa. Kama iko, punguza upeo wa DHCP ya mbele uanze kwa 10 hivi.

Ukimaliza, ipe printa anwani ya kudumu kwa kisanduku cha mbele. Inaitwa address reservation ama static lease, unachukua MAC ya printa, yaani namba ya kifaa chenyewe (chapa ukurasa wa hali ya mtandao kutoka kwa menyu yake, MAC iko hapo) unaifunga na anwani moja. Halafu kwa laptopu futa ile printa ya zamani, ongeza upya kwa kuchagua TCP/IP address badala ya kungoja Windows iitafute. Hata stima ipotee mara ngapi anwani itakuwa ileile. Mwisho hakikisha wifi ya laptopu imewekwa Private network na si Public, juu Public inafunga ugunduzi wa vifaa.

saiba_kondele

Omera Waya nimefurahi kusoma hii. Mimi niko na saiba ndogo hapa Kondele, mashine kama nane hivi za wateja, na nataka majina yafanye kazi kabisa, si hii ya kupigiana kelele, niite tu kaunta ama mashine3. Naweza kuweka seva ya DNS yenye inakubali huo usajili?

WayaNaKebo_KSM

Unaweza lakini hauhitaji usajili wa Windows. Tafuta rauta yenye inakubali OpenWrt (programu ya bure ya kuendesha rauta). Ndani yake kuna dnsmasq, na dnsmasq inafanya ujanja: mashine ikiomba anwani kwa DHCP inataja jina lake, na dnsmasq inaliandika yenyewe. Kwa hivyo mashine3 ikiwaka tu iko kwa DNS bila kujiandikisha popote. Hiyo dynamic update yenyewe dnsmasq haiikubali, kwa hivyo tiki bado utaitoa kwa Windows zote nane.

Domeni ya ndani usiite .local, hiyo imetengwa kwa mDNS tangu RFC 6762 ya 2013 na vitu vitachanganyikiwa, hasa ukiwa na simu na Mac humo ndani. Na usijitungie domeni ya .com yenye si yako, umeona yaliyompata mwalimu na .co.uk ya watu. Kuna home.arpa, ilitengwa 2018 na RFC 8375 hasa kwa mitandao ya nyumbani, mashine3.home.arpa. Haipendezi kutamka lakini haitagongana na mtu.

Na kwa saiba, mashine za wateja na ile ya kaunta yenye M-Pesa ziweke kando, lakini hiyo fungulia uzi wake.

Busia_Boda2Boda

Kwa hivyo si virusi

Mulembe_IT

Si virusi boss 😂

Mwalimu_Kiamunyi

Nimerudi. Rauta ya nyuma ilikuwa na modi ya Access Point kweli, nimeiwasha, sasa kila kitu ni 192.168.100. Printa ilinipea joto kidogo, ikakataa kuona wifi kabisa, kumbe haijui 5 GHz, inajua 2.4 tu, na ile modi mpya ilikuwa imezima 2.4 kwa rauta ya nyuma. Nimeiwasha ikaingia mara moja. Nimeifungia anwani ya .50 na nikaiongeza kwa laptopu na desktopu zote mbili. Stima imepotea na kurudi hapo jioni na bado inachapa, karatasi za hesabu za darasa la saba zimetoka zote.

Event Viewer sijaona 8015 tena tangu nirestati. Prisoner pia hayuko.

Lakini sikieni hii. Jirani yangu alinunua laptopu kwa duka lilelile, nimemwambia aangalie ipconfig /all. Yake iko na jina la kampuni ileile, na kwa dsregcmd AzureAdJoined ni YES.

Mulembe_IT

Huyo asingoje, arudi na risiti leo kama duka bado liko wazi. Na asiweke paswadi ya benki hapo kabla haijabadilishwa.